Milimita 1 kwa siku
Mwaka jana nilijikata kidole cha shahada nikifungua dafu Kigamboni, neva ikakatika. Daktari akaishona, akasema nisubiri, huota taratibu, kama milimita 1 kwa siku. Miezi ikapita, ncha ya kidole ikaanza kuwasha kama nimeshika upupu. Sijawahi kufurahia muwasho namna ile!

Sasa mama kapata kiharusi. Mkono wa kulia haushiki hata kijiko cha uji. Nikamuuliza mtaalamu wa mazoezi, mbona neva za kwake hazioti kama yangu? Kumbe ubongoni kuna protini, mojawapo inaitwa Nogo, zinazozuia nyuzi za neva kuchipua, na kovu nalo linaziba njia. Za kukuza neva zipo pia. Ya kwanza kugunduliwa ilimpa mwanasayansi Rita Levi-Montalcini tuzo ya Nobel ya 1986, pamoja na Stanley Cohen. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Rita alichunguza mayai ya kuku chumbani kwake Torino, Italia, jamani, chumbani! Kwa panya wa maabara protini za aina hiyo zimeotesha nyuzi. Kwa mgonjwa wa kiharusi, bado si dawa.

Basi kila jioni mama anachambua choroko, nyuzi zilizobaki nzima zijifunze kazi. Jana kaokota punje 6, ya 7 ikamponyoka. “Iache, mwanangu, nitaiokota mwenyewe.”