Kondoa na wajukuu, wazazi wabaki Dar

Watu wananiuliza sana siku hizi, wewe bibi umeshastaafu mbona hutulii? Kuna mwenzangu tuliyefanya naye kazi wodini miaka na miaka, yeye alipostaafu alinunua kiti kizuri cha kuegemea akakiweka barazani na mpaka leo ukimpigia simu anakwambia nipo nimekaa. Ni uamuzi wake na simcheki. Mimi magoti yananiuma zaidi nikikaa kuliko nikitembea kwa hiyo natembea, na nikitembea nabeba wajukuu, na wajukuu nawabeba bila wazazi wao. Hilo la mwisho ndio sharti, na ndipo ugomvi unapoanzia kila likizo ikikaribia.

Binti yangu huwa anaanza kwa upole. Mama, hao watatu utawaweza kweli? Namkumbusha kwamba nimeshika wodi ya watoto usiku mzima na msaidizi mmoja anayesinzia, watatu wazima wenye afya zao watanishinda nini. Halafu anaanza orodha: wasinywe soda, Tausi asile karanga nyingi, Idi asishike simu baada ya saa mbili usiku, Rahma apake mafuta ya jua. Namwambia sawa, nimesikia. Nimesema nimesikia tu.

Sababu yangu ni moja, nimeiona mara nyingi mpaka sina mashaka nayo. Tukisafiri na wazazi wao mimi nageuka yaya mwenye mvi. Mama mshikie huyu, mama kaa na mabegi, mama sisi tunatoka kidogo na baba yao. Na watoto wenyewe ukiwauliza kitu wanamwangalia kwanza mama yao usoni ndio wakujibu. Tukiwa wenyewe hakuna wa kumwangalia. Rahma ana miaka kumi na moja, nikimkabidhi mfuko wa dawa zangu za presha anajua ni kazi yake na saa mbili asubuhi ananisimamia na glasi ya maji kama sista in-chaji. Idi ana minane, huyo ni mume wangu, ndivyo tunavyoitana, na kazi ya mume ni kubeba begi la mkewe, hataki hata mtu amsaidie. Tausi ana mitano, kazi yake ni maswali.

Likizo ya Juni niliamua twende kwetu Kondoa, mkoani Dodoma. Hawajawahi kufika. Mama yao mwenyewe kafika akiwa mdogo, akapita siku za msiba tu, ukimuuliza Kondoa kukoje anakwambia kuna vumbi.

Tulipanda treni ya SGR, ile reli mpya ya umeme, mpaka Dodoma, treni ya kawaida sio Mchongoko ile ya haraka, maana hela yenyewe ni ya pensheni na mambo ya kikokotoo, ile hesabu wanayokupigia mafao ya kustaafu, sitaki kuyafungulia mdomo hapa, tutakesha. Nauli ya mtu mzima daraja la kawaida ilikuwa elfu 31, watoto wanalipa nusu, Rahma baada ya miaka miwili ananitoka kwenye nusu nauli na nimeshamwambia asikue haraka. Wanasisitiza ufike mapema pale stesheni, mnapitisha mizigo kwenye mashine, mnaonyesha vitambulisho, mnapanda ngazi za umeme ambazo Tausi alitaka tupande tena na tena na mimi nilikubali mara ya pili kwa sababu hata mimi nilizipenda.

Nisiseme mengi kuhusu treni, wengi mmeipanda. Niseme tu kwamba Dodoma tulifika ndani ya saa tatu na nusu hivi, na mimi katika ujana wangu njia hiyo hiyo kwa reli ya zamani ilikuwa usiku mzima, unalala umekumbatia kapu, unaamka Morogoro kwa kelele za wauza ndizi na mayai dirishani, mkono unatoka na hela na mkono unaingia na mayai na treni imeshaanza kuondoka. Niliwahadithia. Idi akaniuliza kama treni ilikuwa inaondoka mtu hajapewa chenji inakuwaje, nikamwambia anakimbia nayo, na walikuwa wanakimbia kweli, vijana waaminifu wale. Sasa hivi dirisha halifunguki na ndani baridi ya kiyoyozi, hakuna mayai. Ila kwenye milima ya Kilosa treni inaingia kwenye mahandaki, ghafla giza, na behewa zima watoto wote wakapiga kelele, wa kwangu na wasio wa kwangu, na mzee mmoja wa kanzu nyuma yetu naye alipiga, nimemsikia vizuri asikatae.

Dodoma tulilala usiku mmoja kwa shoga yangu, asubuhi tukapanda gari la Kondoa. Sasa barabara hii jamani. Mimi nimeijua barabara hii ikiwa udongo, mvua za masika unakwama Mayamaya huko unalala kwenye basi, wanaume wanashuka kusukuma na wanawake wanashuka kulaumu. Leo lami tupu kutoka Dodoma mpaka Babati na kuendelea, unapita Chemba unashangaa umeshafika. Watoto walilala njia nzima. Nilitaka kuwaamsha waone mibuyu halafu nikaacha.

Kwetu ni milimani, ile milima ya Irangi juu ya Kondoa mjini kuelekea Kolo. Mwezi wa sita ni baridi, watoto wa Dar walitetemeka mpaka dada yangu akawatolea masweta ya zamani yananukia sanduku. Mavuno yalikuwa yameshaanza, alizeti zimelazwa uani zinakauka, mtama umetandazwa, kuku wanafukuzwa na mtoto mwenye fimbo. Ndani ya dakika chache mtoto mwenye fimbo akawa Tausi. Hakuna aliyempangia.

Chakula siku ya kwanza ni ugali wa uwele na mlenda. Nilikaa kimya niangalie. Rahma alikula kwa adabu, kidogo kidogo, uso haumsaliti. Idi akauvuta mlenda ukarefuka, akauinua juu ya kichwa ukazidi kurefuka, akacheka mpaka dada yangu akacheka, kisha akala sahani nzima na kuomba tena. Mama yao angekuwepo angemwambia Idi tabia gani hiyo, mlenda ungebaki, na Idi angerudi Dar anasema chakula cha kwa bibi ni kibaya.

Kitu ninachotaka kukiandika hasa ni makorongo. Nyuma ya nyumba yetu kuna korongo kubwa, udongo mwekundu umechimbwa na maji miaka mingi kabla mimi sijazaliwa, ukisimama pembeni unaona kina chake. Siku hizi limejaa miti na nyasi. Idi akauliza nani kalichimba. Nikaanza kumweleza, mvua, mifugo mingi, miti kukatwa, halafu serikali ikaleta mradi wa HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, mwaka 1973, wakachimba matuta, wakapanda miti, na ilipofika 1979 ikatoka amri mifugo yote itoke kwenye eneo lile lililoharibika. Yote, ng'ombe na mbuzi na kondoo na punda. Mimi nilikuwa nyumbani nasubiri majibu ya chuo cha unesi. Baba alikuwa na ng'ombe, sio tajiri, lakini wa kutosha maziwa na mbolea na kuozeshea. Yeye na kaka zangu waliwaswaga kuwapeleka tambarare kwa ndugu.

Idi: Walikuwa na majina?

Nikamwambia walikuwa nayo. Nikamtajia. Na nilishangaa mwenyewe kwamba nayakumbuka, hata yule dume mweupe mwenye doa jichoni ambaye hakutaka kutoka zizini, ikabidi atangulizwe mama yake.

Idi: Sasa nyinyi mlikunywa nini?

Chai ya rangi. Mama yangu siku ile hakupika, alikaa jikoni mlango umefungwa, na sisi hatukuthubutu kumwuliza tutakula nini.

Mimi sitaki kuwasikia wanaosema mradi ule ulikuwa ukatili tu, na sitaki pia wale wanaousifu bila kumtaja baba yangu. Miti ilirudi, hilo naliona kwa macho, maji yamerudi kwenye visima ambavyo nikiwa mdogo vilikuwa vumbi, na baadaye watu wakaruhusiwa kufuga ng'ombe wa ndani, wachache, wa kukatiwa majani. Dada yangu anaye mmoja. Lakini baba hakufuga tena. Idi alilisikiliza lote hili amekaa kwenye ukingo miguu inaning'inia, kisha akasema basi bibi tumrudishie babu mzaa bibi ng'ombe mmoja, bei gani. Nilimwambia tuanze na kuku.

Usiku binti yangu akapiga. Kumbe Idi keshamrekodia sauti ndefu WhatsApp, ng'ombe mmoja mmoja na jina lake. Mama, mbona hii ya ng'ombe hukuwahi kunihadithia mimi? Nikamwambia mwanangu, hukuwahi kuniuliza habari za ng'ombe, ulikuwa unaniuliza ada. Na ni kweli, wakati wa kumlea yeye nilikuwa natoka zamu ya usiku naingia kuuza vitumbua, hadithi ningeitoa wapi. Alinyamaza kidogo halafu akauliza kama Tausi amekula karanga.

Kolo tulikwenda na kijana wa dada yangu, ana Land Cruiser ya zamani, na gari la namna hiyo linahitajika maana kutoka barabara kuu kwenda kwenye miamba njia ni ya mawe. Unaanzia ofisini pale Kolo, unalipa, unapewa mwongozaji, huwezi kwenda mwenyewe. Michoro ya Kondoa, ile ya watu wa kale kwenye miamba, iliingizwa urithi wa dunia na UNESCO mwaka 2006 na wanakadiria maeneo yenye michoro ni kati ya 150 na 450, yamesambaa kwenye ile milima. Sisi tulikwenda eneo moja tu, Mongomi. Kipande cha mwisho ni kupanda kwa miguu, na hapo ndipo mume wangu alipooa kweli, kila jiwe anageuka, bibi shika hapa, bibi usikanyage hilo. Nilipumzika nilipotaka. Mwongozaji kijana mstaarabu alijifanya na yeye kachoka.

Michoro ya rangi nyekundu, twiga, pofu, watu warefu wembamba wenye nywele kama kofia. Kuna mchoro mmoja maarufu, mtu katikati na wengine wanamshika mikono pande mbili. Mwongozaji akaeleza kwamba Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale aliyekuja kunakili michoro hii mwaka 1951 alidhani ni mwanamke anatekwa, na wengine wanaona ni ngoma. Rahma akaangalia kwa muda mrefu, akasema mimi naona anasaidiwa kutembea, mgonjwa huyo. Mimi nesi sikuwa nimeliona hilo! Mwongozaji akasema ataanza kuwaambia na wageni wengine.

Pango la jirani watu wa kule bado wanafanyia matambiko, mvua ikichelewa au mtu akiugua. Tausi alikuta alama za majivu na akauliza nani kapika hapa. Akajibiwa vizuri, kwa heshima, kwamba ni wazee walikuja kuomba. Akauliza waliomba nini. Mvua. Ilikuja? Mwongozaji akasema ilikuja, akaridhika.

Huyo huyo Tausi siku tulipokwenda makaburini kumsomea dua mama yangu aliniuliza mbele ya watu, bibi na wewe utakufa lini? Dada yangu akashika mdomo. Mimi nikamwambia sijui mama, ila leo hapana, leo kuna pilau. Akaniuliza pilau ya nyama? Ya nyama. Tukaondoka.

Mambo mengine ya safari ni ya kawaida. Rahma aliumwa tumbo usiku mmoja, nilimpa maji ya chumvi na sukari asubuhi akawa mzima. Bando liliisha na hakuna aliyelia. Soda walikunywa. Tulinunua asali, alizeti ya kukamua, na kuku wawili wa kienyeji ambao dada yangu aliwafunga miguu tayari kwa safari, nikamwambia SGR hawapandishi kuku, akashangaa, treni gani hiyo. Tukawaacha, Idi akawapa majina ya wale ng'ombe ili wasichinjwe.

Sasa tumerudi na binti yangu kaanza maneno mapya. Eti Desemba anataka na yeye aje, achukue likizo kazini, anataka kuona korongo. Nilifurahi, sitaficha, lakini sharti ni sharti, nikasema tupige kura na wajukuu. Rahma alisema mama aje siku mbili za mwisho tu. Idi alikataa kabisa, kisha akauliza kama mama akija ndio atanunua ng'ombe. Tausi anasema aje kwa sababu mama ndiye anayenunua chipsi. Bado tunajadiliana. Nimemwambia binti yangu kwa vyovyote itakavyokuwa, kwenye safari yangu mabegi anakaa nayo yeye.