Nyuzi 30 kuelekea mbele

Nilikuwa mwaka wa pili wa masomo ya ubingwa wa mifupa tulipomfanyia upasuaji beki wa timu ya mtaani, aliyeumia kifundo cha mguu kwenye ndondo. Fibula, ule mfupa mwembamba wa nje, ilivunjika juu ya kifundo, na kano zinazoifunga kwenye muundi zilichanika.

Mvunjiko tuliuunga kwa bamba bila shida. Kisha Profesa akaivuta fibula kwa kulabu, na kwenye skrini ya eksirei pengo kati ya mifupa miwili likafunguka. Tukaibana kwa koleo. Picha ya mbele ikatoka safi kabisa, na nesi akanipa drili.

"Subiri. Nipe picha ya ubavuni."

Kabla ya kuanza Profesa alikuwa ameagiza kifundo cha mguu wa pili, ule usioumia, nacho kipigwe picha. Zilipowekwa pamoja nikaona: kwenye mguu usioumia fibula ilikaa nyuma zaidi kuliko hii yetu. Koleo lilibana mshazari, likaivuta mbele. Picha ya mbele haikuonyesha lolote! Skrubu ingeingia wakati ule, ingeishikilia fibula imara mahali pasipo pake, na mifupa ingeanza kusagana.

Profesa alilegeza koleo, akalipanga upya. Akiwa anabana alitukumbusha kipimo cha watafiti Ramsey na Hamilton cha mwaka 1976: talasi, mfupa wa kifundo ulio chini ya muundi, ikihama milimita 1 tu kwenda nje, eneo la mifupa kugusana hupungua kwa asilimia 42.

Ndipo akaniachia nitoboe. Fibula hukaa nyuma ya muundi, hivyo tundu huelekezwa mbele nyuzi 25 hadi 30, sambamba na kiungo, sentimita 2 au 3 juu yake. Akainama kutazama mkono wangu.

"Shusha kidogo."

Nikashusha.

"Bado."

Nikashusha tena, akanyamaza, nikatoboa. Skrubu ya milimita 3.5 ikaingia, na safari hii picha ya ubavuni ikafanana na ya mguu usioumia. Nilifurahi mno.

Kijana alichomwa ganzi ya mgongo tu, kwa hiyo alisikia yote.

"Dokta, umekaa sawa sasa?"

"Umekaa, mwanangu," Profesa akamjibu.

"Kwa hiyo nitacheza?"

"Wiki 6 usiukanyage kabisa. Halafu njoo tupige picha, ndipo tuzungumze habari za mpira."