Nilimwita Bibi Mrembo

Kiitaliano changu cha kwanza nilikiokota mchangani Malindi. Waitaliano tuliwazoea tangu miaka ya 1960, waliporusha roketi za mradi wao wa anga, San Marco, kutoka baharini kule Ngomeni. Baadaye wakaja wa hoteli, wa piza, wa majumba ya makuti. Nikiwa na miaka 10 nilijua kuomba peremende: "Ciao, caramella!" Nikiwa na 20 nilikuwa nauza safari za mashua na kubishana bei bila kukwama. Basi Septemba 2011, ngazi za umeme zilipokuwa zikinipandisha ndani ya ngome ya Rocca Paolina, mjini Perugia, Italia, sikuwa na wasiwasi. Wenzangu walikuja kujifunza lugha. Mimi nilifuata cheti tu.

Chumba changu kilikuwa Corso Garibaldi, njia nyembamba inayopanda mlima. Aliyenifungulia mlango ni bibi kizee, mama wa mwenye nyumba, mkongojo mkononi. Nikamchekea meno yote nje.

"Ciao bella! Come stai? Tutto a posto?" Mambo mrembo! U hali gani? Kila kitu sawa?

Alinitazama kuanzia viatu hadi kofia, kisha akauliza taratibu: "Ci conosciamo?" Kwani tunajuana?

Nikadhani hakunisikia vizuri. Nikarudia, kwa sauti zaidi. Astaghfirullah.

Binti yake akanivuta jikoni. Mtu mzima usiyemjua, akaniambia, haambiwi "tu", yaani "wewe", huambiwa "Lei". Si "come stai", ni "come sta". Tofauti ni i moja tu. Ila hiyo Lei maana yake ni "yeye", tena yeye wa kike, hata unayezungumza naye awe baba mwenye masharubu. Hilo lilinikwama kooni. Kwetu ukimwita mtu "yeye" naye kaketi mbele yako, unamsengenya.

Lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba nimelelewa na nyanya, na sijawahi kupita barazani penye wazee bila kutoa shikamoo. Leo nimemwita ajuza wa watu mrembo, kama ninayemuuzia safari ya mashua! Walimu wangu wote walikuwa watu wa likizo, kifua wazi, mafuta ya jua mgongoni. Nani angedai heshima amevaa chupi ya kuogelea?

Usiku ule bibi alinikaribisha mezani. Supu ya dengu, na mkate usio na chembe ya chumvi. Nikautafuna kimya, nikiamini ndiyo adhabu yangu. Siku nyingi zilipita ndipo nikajua kwamba Umbria, mkoa wa Perugia, mkate wao ndivyo ulivyo.

Asubuhi nilijizoeza peke yangu kwenye ngazi kabla ya kubisha.

"Buongiorno, signora. Come sta?"

"Bene, grazie. E Lei?"

Nzuri, asante, na wewe je? Tena kwa Lei! Nikashtuka. Shikamoo hupanda kwa mkubwa, marahaba ikashuka. Huyu bibi aliyenizidi miaka sitini alikuwa ananirudishia heshima ile ile niliyompa, mimi kijana wa jana.

Mwezi Februari, theluji imeanguka na nimetoka kumbebea kuni, akasema: "Diamoci del tu." Yaani sasa tuitane "wewe" tu.

"Sì, signora," nikajibu. Nikafungua kinywa niseme "stai", ulimi ukagoma. "Come... sta?"

Akanigonga mguu kwa mkongojo, akaenda kuweka kahawa motoni.