Kiingilio Buku, Rika Zote

Mwaka 2012 nilikuwa nasoma Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), na jioni nikishuka mjini nilikuwa mpiga gitaa wa bendi ya watu wanne iliyopiga panki (punk), muziki wa magitaa wenye kasi na kelele, kwa Kiswahili. Dodoma ya wakati ule ilikuwa na bongo fleva kila kona, kwaya za injili kila Jumapili, na ukitoka kidogo kuelekea Chamwino unakutana na zeze na ngoma za muheme za Wagogo wenzangu. Panki hakuna aliyeiagiza. Ililetwa na binamu yangu, ambaye ndiye alikuwa mpiga besi wetu. Alirudi kutoka Dar na flashi iliyojaa nyimbo za bendi moja ya Washington, Marekani, iitwayo Fugazi. Magitaa mawili yalikuwa yanajibizana kama majirani waliogombania mpaka wa shamba, na besi chini yake imetulia, haina haraka. Tulisikiliza usiku kucha.

Binamu hakuishia kwenye nyimbo. Alisoma kila alichoweza kukipata kuhusu namna wale watu walivyoendesha kazi yao, akawa anatusimulia mazoezini. Fugazi walipanda jukwaani mara ya kwanza mwaka 1987. Ian MacKaye na Guy Picciotto waliimba na kupiga magitaa, Joe Lally alishika besi, Brendan Canty akakaa kwenye dramu. Walifanya zaidi ya matamasha 1,000, na kwa sehemu kubwa ya maisha ya bendi kiingilio kilikuwa dola 5. Fulana hawakuuza. Kampuni kubwa ziliwabishia hodi, hawakufungua. Rekodi zao zilitoka kwenye lebo, yaani kampuni ya kutoa rekodi, ya Dischord, ambayo MacKaye na mwenzake Jeff Nelson waliianzisha mwaka 1980 wakiwa vijana wadogo, na bei ilichapishwa kwenye rekodi yenyewe ili mnunuzi asibambikiziwe. Sharti walilolishikilia kuliko yote lilikuwa la mlangoni: rika zote waingie. Mtoto wa miaka 14 alipe kilekile anacholipa mtu mzima, asimame palepale.

Mimi kilichonigusa zaidi ni kwamba walitoka mji mkuu. Dodoma ilitangazwa makao makuu mwaka 1973, na hadi tunapiga muziki wetu wizara nyingi zilikuwa bado ziko Dar. Bunge likikaa, mji unafurika, nyumba za wageni zinapandisha bei. Bunge likiahirishwa, tunabaki wenyewe na upepo wetu. Nikiwa Dar, mtu akijua natokea Dodoma ananiuliza habari za wabunge, kana kwamba hakuna mtoto aliyezaliwa Chang'ombe ya Dodoma akakulia hapo bila kumjua mbunge hata mmoja. Washington nayo watu wa mbali wanaijua kwa serikali, ilhali ina wenyeji wake, na wenyeji hao walikuwa na la kusema. Januari 1991, katikati ya majira ya baridi, Fugazi walipiga bure kwenye bustani iliyo mbele ya Ikulu ya Marekani kupinga vita vya Ghuba. Hilo lilitupa moyo kuliko wimbo wowote.

Basi tukaamua kufanya tamasha letu wenyewe, bila mdhamini, Jumamosi moja ya Septemba, kipindi ambacho Bunge halipo na kumbi zinapatikana. Kiingilio buku, yaani shilingi elfu moja. Rika zote.

Ukumbi tuliouweza ulikuwa wa baa moja upande wa Kizota. Mwenye baa alikuwa mzee wa Kirangi, mtu wa Kondoa, mpole na makini kwenye hesabu. Tulimkuta amekaa nje na daftari lake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Ni sendoff?"

"Hapana mzee, ni muziki wetu wenyewe. Tunataka kila mtu aingie, hata wanafunzi wa sekondari."

Akafunga daftari. "Hapa nauza bia. Akija mkaguzi akamkuta mwanafunzi humu ndani, leseni yangu imekwenda. Mtanilisha ninyi?"

Hapo binamu akamwambia kisa cha The Teen Idles, bendi ya mwanzo ya MacKaye na Nelson. Mwaka 1980 walisafiri hadi California wakiwa bado hawajafikisha umri wa kunywa pombe. Ukumbi mmoja wa San Francisco uliwaruhusu kuingia, ila kila mmoja akachorwa X kubwa nyeusi mgongoni mwa kiganja, ili mhudumu wa kaunta akiuona mkono ule asimuuzie kitu. Waliporudi Washington waliziomba kumbi za kwao zifanye vivyo hivyo, na watoto wakaanza kuingia. Binamu aliongea huku anachomoa maka peni mfukoni, akajichora X mkononi, akamnyooshea mzee. Mzee akachovya kidole kwenye glasi yake ya maji, akausugua ule wino mara kadhaa. Haukutoka.

"Na mtu mzima asiyekunywa, naye mtamchora?"

"Akipenda, mzee."

"Mimi sinywi," akasema. "Siku hiyo mnichore."

Akatupa masharti yake: kaunta izungushiwe kamba, asikae mwenye X upande ule, na muziki uzimwe saa tatu usiku ili watoto wa watu wafike kwao. Tukapeana mikono.

Vyombo ndivyo vilituhangaisha. Gitaa langu lilikuwa langu, besi ya binamu aliinunua Kariakoo ikiwa imeshatumika, lakini dramu zilikuwa za kwaya ambayo mpiga dramu wetu aliitumikia. Katibu wa kwaya alikubali kutuazima kwa sharti moja, zirudi kanisani kabla ya ibada ya kwanza Jumapili. Hakuuliza tunapiga nini. Aliuliza tu kama tuna turubai la kuzifunikia, kwa sababu ya vumbi.

Usiku wa Ijumaa tulikuwa kwa shangazi yangu, Chang'ombe, tunatengeneza majalada. Tulikuwa tumechoma nyimbo zetu tatu kwenye CD tupu, na kuzipeleka zikachapiwe majalada dukani kungemaliza pesa yote. Hapa tena tuliwafuata The Teen Idles. Bendi ile ilipovunjika, ilikuwa na kama dola 600 walizozidunduliza kwenye kasha tangu matamasha ya mwanzo. Wangeweza kugawana kila mtu ashike lake. Wakaamua zitoke rekodi, na hiyo ndiyo ikawa rekodi ya kwanza ya Dischord. Majalada waliyafanya kwa mikono: walichukua jalada la rekodi ya Uingereza, wakalibandua kwenye maungio ili waone lilivyokunjwa, wakalichukua kama kielelezo, kisha wao na marafiki wakakata, wakakunja, wakagundisha moja moja. Nasi tulifanya hivyohivyo juu ya mkeka wa shangazi, kwa mkasi wake wa cherehani na makaratasi ya manila. Gundi ya dukani iliisha kabla ya saa nne. Shangazi akaingia jikoni, akakoroga unga wa ngano kwenye sufuria ndogo mpaka ukavutika, akatuletea ukiwa bado wa moto. Gundi ile ilishika kweli. Ninayo CD moja hadi leo na kona zake hazijaachia.

Shangazi yangu huyu, dada yake baba, amepiga muheme tangu ujana wake. Kwetu Ugogo ngoma hiyo ni ya wanawake, wanaibana katikati ya mapaja na kuipiga kwa viganja, na mpigaji hodari anajulikana vijiji vyote vya jirani. Aliokota jalada moja lililokauka, akalisoma taratibu kwa sauti.

"Rika zote. Ndiyo mmeandika hivi?"

"Ndiyo, shangazi."

"Basi na mimi nitakuja, baba. Na wenzangu."

Mpaka hapo nilikuwa nikisema rika zote namaanisha wanafunzi.

Jumamosi upepo ulivuma tangu asubuhi, vumbi jekundu likaingia kila mahali, tukafika Kizota na kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, la kukodi tumefunga vitambaa usoni. Saa kumi na moja jioni mlango ulifunguliwa. Dada yake mpiga dramu alikaa mezani na sanduku la pesa na maka peni. Waliingia wenzetu wa chuo, machinga wa Sabasaba waliofunga biashara mapema, vijana wa bodaboda, wanakwaya waliokuja kuona dramu zao zinafanyiwa nini, na wanafunzi wa sekondari za kutwa, wakioneshana X zao kwa fahari. Mzee mwenye baa alisimama karibu na kamba, na yake mkononi. Shangazi na wenzake wawili waliingia na khanga zao, wakalipa buku tatu, wakachukua viti vya mbele kabisa. Nilipopanda nikasalimia, "Mbukwenyi!", wao ndio waliitikia kwanza.

Wimbo wetu wa tatu ulikuwa wa foleni ya maji. Kila aliyekulia Dodoma miaka ile anaijua hali hiyo: maji ya mji yanatoka visima vya Mzakwe, na mtaani kwenu yakichelewa unalala na kuamka kwenye mstari wa madumu. Mashairi yalikuwa mafupi, yanapigiwa kelele, na ukumbi mzima ulikuwa unaitikia. Hapo kijana mmoja mwenye mwili mkubwa, aliyekuwa ameanzia kaunta muda mrefu, akaanza kujirusha huku na huku na kusukuma watu kwa mabega. Mara ya kwanza walicheka. Mara ya pili msichana mmoja wa shule alikwenda na spika, akaanguka nayo.

Binamu akazima besi palepale. Sote tukanyamaza.

Jambo hili alikuwa ameshalifikiria. Desemba 2011 Fugazi walianza kuweka kwenye intaneti rekodi za matamasha yao, maana katika yale zaidi ya 1,000 walikuwa wamerekodi zaidi ya 800, na kila moja waliiombea dola 5, kiingilio kilekile. Ukizisikiliza utamsikia MacKaye akisimamisha wimbo katikati na kuongea kwa adabu kabisa na mtu anayewaumiza wenzake. Asiposikia alitolewa nje na kurudishiwa dola zake 5 ndani ya bahasha. Kwa sababu hiyo binamu alikuwa na bahasha mfuko wa nyuma, kila moja na noti ya buku ndani. Nilimwona akiziandaa mchana, na nilidhani hazitahitajika.

Alishuka jukwaani. "Braza, samahani. Hapa kuna wadogo zetu. Chukua hela yako, ukapumzike nje."

"Mnanifukuza kwa buku langu?"

"Tunakurudishia, braza. Hatudaiani."

Yule kijana akaitazama bahasha, akamtazama binamu, na mimi nikaona ngumi inakunjika. Walinzi hatukuwa nao. Nilikuwa najivua gitaa ndipo shangazi aliposimama. Hakupaza sauti. Alijifunga khanga vizuri, akamsogelea mpaka yule kijana akalazimika kumtazama usoni.

"Mwanangu, yule uliyemwangusha ni mtoto wa mwenzio. Pokea, baba, uende."

Yule kijana aliinamisha kichwa. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Haya, nenda."

Akapokea bahasha kwa mikono miwili, akatoka. Hakuna aliyemzomea. Wenzake shangazi walimnyanyua yule binti, wakampukuta vumbi, wakampa kiti chao.

Nimehudhuria matamasha mengi tangu hapo, mengine yenye walinzi wa fulana nyeusi na majukwaa ya mamilioni, na sijaona mtu akitolewa kwa heshima namna ile. Naamini bado kwamba bendi inapimwa hapo hapo, kwa yule aliyeanguka na kwa yule aliyemwangusha. Bei ndogo na mlango wazi vilikuwa sehemu ya muziki wa Fugazi sawasawa na magitaa yao, na kwenye ukumbi ule wa Kizota nililiona hilo kwa macho.

Tukaanza upya wimbo wa maji. Safari hii shangazi hakukaa. Alianza kupiga makofi, mapigo ya muheme yanayoingia katikati ya mapigo yetu, wenzake wakamfuata, na mpiga dramu wetu, aliyekulia Mpwapwa na kuyajua, akaacha alichokuwa anapiga akawafuata wao. Wasichana wa shule wakaanza kutikisa mabega. Tuliurudia ule wimbo mpaka mzee mwenye baa akanyoosha mkono wake wenye X na kuonesha saa. Ilikuwa saa tatu.

Dramu zililala kanisani usiku uleule. Tulipomaliza kulipa ukumbi na kirikuu, zilibaki pesa kiasi, tukaziweka kwenye kopo la maziwa ya unga, hakuna kugawana. Kabla ya mwaka kwisha zilitosha kulipia studio ndogo ya Majengo, tukarekodi wimbo wa maji na shangazi kwenye muheme wake. Fundi aliuliza aandike nani ndiye mtunzi. Nyimbo za Fugazi ziliandikwa kwa jina la bendi nzima, wote wanne kwa pamoja, nasi tukamwambia aandike jina la bendi, na kwamba sasa bendi ni watu watano. CD zilipouzwa shangazi alipata mgawo sawa na wetu. Alizihesabu noti zake mbele yetu, akazifunga kwenye pindo la khanga, akatuuliza tamasha lijalo ni lini, maana wenzake walitaka kujua kama kiingilio bado ni buku.