Mashine 2, zinafanya kazi

Mnunuzi wa chuma chakavu alifika saa mbili asubuhi na mkokoteni, mizani ya kuning'iniza na vijana wanne. Ilikuwa mwaka 1997. Jumba la sinema pale Ngamiani, Tanga, lilikuwa limeshapata mpangaji wa kuligeuza ghala, na chumba cha mashine za kuonyesha picha kule juu kilitakiwa kiwe kitupu kabla ya magharibi. Opareta, mzee aliyekaa chumba kile tangu ujana wake, aliniita kwa ajili ya umeme tu: nifungue nyaya za rektifaya, kifaa kinachoigeuzia taa umeme kuwa wa mkondo mnyoofu, bila mtu kurushwa.

Lakini alikataa mashine ziguswe kabla hajaziendesha, zote mbili.

Jumba la zamani lilihitaji mashine mbili kwa sababu rili ya mkanda wa futi 2000 inaisha kwa dakika 22, na picha ya Kihindi ya saa tatu inakula rili nane au tisa. Rili ikikaribia mwisho, kidoa hutokea kona ya juu kulia ya skrini. Hapo opareta anawasha mota ya mashine ya pili. Sekunde kama saba hivi baadaye kinatokea kidoa kingine, naye anafunga mwanga huku na kuufungua kule. Kidoa cha pili kikimpita, skrini inabaki nyeupe, na watu wa Tanga hawakuwa na subira na skrini nyeupe.

Mzee alikuwa na kipande cha mkanda cha futi 40 hivi. Alikipitisha kwenye magurudumu ya meno, akaacha kitanzi juu ya geti, kidirisha ambapo mwanga unapita kwenye mkanda, na kingine chini yake. Vitanzi hivyo fundi asiyejua huviona ni mkanda uliolegea, akauvuta ukazwe. Ni kosa kubwa. Mkanda ndani ya geti unasimama na kuruka mara 24 kwa sekunde, wakati magurudumu ya juu na chini yanazunguka bila kusita. Kitanzi ndicho kinachobeba tofauti hiyo. Kikipotea, picha inaruka juu chini na matundu ya pembeni ya mkanda yanachanika.

Kisha akachukua vijiti viwili vya kaboni, vifupi kama kalamu iliyochongwa sana, akavigusanisha, akaviachanisha milimita chache. Mwanga ukalipuka ndani ya taa, mweupe usiotazamika kwa macho makavu.

Watu husema video za miaka ya 1980 ndizo zilizoua majumba haya, kisha televisheni ilipoanza Bara mwaka 1994 ikamalizia. Sibishi. Ila mimi naanza na kaboni. Vijiti vile vilitoka nje, vilinunuliwa kwa fedha za kigeni, na miaka ile fedha hizo zilikuwa adimu hata kwa dawa. Opareta akawa anaunga vipande, anapunguza ampea ili vidumu. Ampea zikipungua, picha inakuwa ya kahawia na pembe zake zinaingia giza. Shaba iliyopakwa kwenye kaboni nayo huyeyuka ikarukia kioo cha nyuma ya taa. Kioo cha mashine ya kwanza kilikuwa na vidonda kama uso uliopita ndui, na kioo kipya hakikupatikana. Mtu amelipa tiketi, anatazama kiza. Kwenye kibanda cha video picha ilikuwa ndogo, lakini aliiona.

Mashine zote mbili zilizunguka. Mzee akafungua daftari la maonyesho, akaandika tarehe, na chini yake: "Mashine 2, zinafanya kazi." Akazima. Nikatoa fyuzi, nikafungua nyaya.

Kushusha mashine ya namna ile kuna mpangilio wake, maana nzima inapita kilo 200 na uzito mwingi uko juu. Kwanza inatoka lenzi, kisha kioo, ambacho hufungwa kwenye gunia. Halafu nyumba ya taa, kichwa cha mashine na sehemu ya sauti. Boliti za miguu ni za mwisho kabisa. Nilikuwa bado na nyaya mkononi vijana walipoanza na boliti za miguu kwa mtarimbo. Mashine ya kwanza iliinama taratibu, ikaenda kifudifudi. Kichwa kilipasuka, mafuta yakamwagika sakafuni, na katikati ya mafuta ukaonekana msalaba wa chuma wenye mifereji minne, upana wake kama vidole viwili. Ndio unaouvuta mkanda picha moja moja. Mzee aliuokota, akaufuta kwa kanzu yake, akauzungusha kwa kidole. Ulikuwa haujachakaa.

Ya pili tuliishusha sisi, kwa mpangilio, kwa kamba na roda, ikafika chini bila mkwaruzo.

Skrini waliikata wakidhani watapata turubai. Haifai kwa mvua: imetobolewa matundu madogo kila mahali ili sauti ya spika zilizo nyuma yake ipite. Sakafu iliyoteremka kuelekea skrini ilijazwa kifusi wiki ileile ili magunia yakae sawa.

Jioni mzani ulipokwisha kusoma, mzee alimpelekea mnunuzi daftari atie sahihi. Yule akasoma, akasema, "Mzee wangu, mbona moja imevunjika?"

"Imevunjika mikononi mwako, bwana. Mimi nimekukabidhi nzima."

Mnunuzi alitazama chuma kwenye mkokoteni, akaomba kalamu, akasaini.