SSO ilikubali siku ya kwanza, kazi ikaanza siku ya pili

Nilipoambiwa niunganishe sistimu zetu zote watu wawe wanalogini mara moja tu (ndo inaitwa SSO, single sign-on), nilisema wiki mbili, bosi akaandika wiki mbili, na leo ni mwezi wa tatu niko palepale nasafisha akaunti. Sio kwamba SSO ni ngumu kiivyo. Keycloak, programu inayosimamia huko kulogini, niliipandisha asubuhi, jioni programu ya kwanza ilikua inapokea watu, nikapiga skrinishoti nikarusha kwenye grupu la kazini kama mtu aliyemaliza kazi. Loo.

Kwa asiyejua, programu haikuulizi tena paswedi, inakutuma kwenye mlango mmoja mkuu, unajitambulisha pale, unarudishwa na hati yenye saini inayosema wewe ni nani. Hizo hati zina lugha mbili kubwa: SAML 2.0 ya 2005, XML tupu, maandishi yaliyojaa mabano mpaka macho yanauma, na OpenID Connect ya 2014 iliyokaa juu ya OAuth 2.0 (utaratibu wa kuzipa programu ruhusa), hiyo inatumia JSON, maandishi mepesi zaidi, ukipewa chaguo chukua hiyo. Sisi hatukupewa, sistimu yetu ya mishahara ni ya zamani na inajua SAML peke yake.

Na ndo iliyonitoa jasho. Kila anayelogini anarudishwa halafu anakataliwa, hamna maelezo, “umekataliwa” basi. Nikakagua saini, iko sawa. Nikakagua anwani ya kurudi, maana ile lazima ifanane herufi kwa herufi, slashi moja ikizidi mwishoni imekula kwako, nayo iko sawa. Usiku ndo nikaona kwenye logi: saa ya ile seva ilikua nyuma dakika mbili. Hati inaandikwa imeanza kutumika saa ngapi na inaisha saa ngapi, sasa kwa seva iliyochelewa ile hati ilikua bado haijaanza kutumika, ikaitupa. Nikawasha NTP, ile inayorekebisha saa ya seva kupitia mtandao, nikaenda kulala nimenuna.

Ila hayo ni madogo. Kilichonitisha ni imeili. Nilikua nimeunganisha akaunti za zamani na za mlango mpya kwa kutumia imeili, si kila mtu anayo moja tu? Basi dada mmoja akaolewa, akabadili jina, wakampa imeili mpya, kalogini kakuta akaunti nyeupeee, kazi zake zote za miaka hazionekani. Hiyo nikairekebisha. Halafu akaja kaka mgeni ambaye jina lake linafanana na la mtu aliyeacha kazi zamani, wakampa imeili ileile ya yule wa kwanza, siku ya kwanza kazini anafungua sistimu ya likizo anakuta maombi ya ugonjwa ya mtu mwingine. Alinipigia mwenyewe, kwa upole kabisa, “kaka, hivi mimi niliwahi kufanyiwa oparesheni?”

Nikarudi kusoma waraka wa OpenID Connect nilioupitia juujuu, na imeandikwa wazi: imeili usiifanye utambulisho, shika jina la mtoaji (yaani mlango uliotoa hati) pamoja na ile alama ya mtu wanaiita sub, ambayo mtoaji hatakiwi kumpa mtu mwingine kamwe. Nikaanza upya, akaunti moja moja, nikiwa na orodha ya wafanyakazi kutoka utumishi pembeni.

Kutoka nako kuna vituko. Mtu anabonyeza toka kwenye programu moja anadhani katoka kote, kumbe mlango mkuu bado unamkumbuka, anayekaa kwenye kompyuta ileile baada yake anabonyeza ingia na anaingia kama yeye bila kuulizwa chochote. Kwenye kompyuta za watu wengi nimefupisha muda na nimelazimisha kutoka kuwe kwa wote, programu mbili bado zinajifanya hazisikii. Na weka akaunti moja ya dharura ambayo haipiti SSO, maana mlango mkuu ukianguka hata wewe wa kuunyanyua uko nje.

Nimebakiza sistimu ya stoo. Watu sita, akaunti moja, inaitwa “stoo”, paswedi imebandikwa kwenye kioo cha kompyuta. Nimeenda kuwauliza ile risiti ya jana kaingiza nani, wamecheka.