Eti riba 3% tu!

Jamani hivi mnasomaga mikataba ya mikopo au mnasaini tu? Wanakwambia riba 3% kwa mwezi, unaona ndogo, kumbe kule chini kwa herufi kama mayai ya chawa wameandika riba ya flati, yaani inapigwa kwenye mkopo wote mpaka mwisho hata kama ushalipa nusu. Chukua milioni 1 ya mwaka mmoja, rejesho 113,333 kila mwezi, riba jumla 360,000, ukipigia deni linalobaki hiyo ni kama 5% kwa mwezi. Na bado wanakata ada ya fomu na bima juu kwa juu, mkononi unapata pungufu ila riba unalipia milioni nzima (wajanja hawa!). Mi nauliza tu jumla narudisha shingapi, afisa mkopo akianza kuzungukazunguka naondoka zangu.